Kabla hujanunua kiwanja cha mlimani Dodoma, panda kwanza uuangalie huo mlima

Ukitaja maporomoko ya ardhi hapa Dodoma watu wanakwambia aah hayo ni mambo ya milima ya Uluguru kule Morogoro, huku kukavu, mvua yenyewe ni milimita 500 na ushee kwa mwaka mzima. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea, sababu mvua yetu ni chache ndiyo lakini ikiamua kushuka inashuka kwa mkupuo, na mteremko hauulizi mwaka mzima imenyesha kiasi gani, unasikia maji yaliyoingia siku hizo hizo.

Nilianza kulifikiria hili siku tunachimba msingi wa nyumba yangu pembeni ya mji, chini ya kilima. Dalali alinisifia sana, eti ukikaa barazani unaona mji wote. Fundi wangu ni mtu mzima, alipofika kama mita moja akaniita, "Mwanangu hebu njoo uone." Juu udongo mwekundu wa kawaida, chini yake mawe yana kona kali, makubwa kwa madogo yamechanganyika na tope lililokauka likawa gumu, hayana mpangilio kabisa. Mawe ya mtoni yangekuwa yamelainika na yamekaa kwa matabaka, haya yalishuka yote kwa pamoja. Nikainua macho kuangalia mlima, kumbe juu yetu pamebonyea kama ugali uliomegwa, na hapa tunapochimba ndipo ardhi ilipotuna. Yaani nilikuwa najenga juu ya poromoko la zamani, na miezi yote ile nilikuwa napita napaona tu pazuri.

Milima yetu mingi hapa ni matale (granite), mwamba wa miaka zaidi ya bilioni 2.5, mgumu kwelikweli, ila una nyufa, maji yanaingia humo yanaula taratibu mpaka mawe yanakuwa ya mviringo yamebebana kama mnavyoyaona. Shida kubwa naiona kwenye ule udongo uliokaa juu ya mwamba. Maji yanapenya yanakuta mwamba hayana pa kwenda, udongo unakuwa mzito halafu chini unalegea, sasa wewe njoo na katapila ukate mguu wa mlima upate uwanja wa kupaki gari, au watu wachimbe moramu na mawe ya kuuza, umeondoa kile kilichokuwa kinaushikilia. Na tuko kwenye mkondo wa mashariki wa Bonde la Ufa jamani, matetemeko tunayasikia.

Katesh, mkoani Manyara, si mbali na sisi. Tarehe 3 Desemba 2023 watu waliamka asubuhi na tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yameshaingia mpaka mjini, wakafa zaidi ya watu 80. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji ikashindwa kujishikilia, haikuwa volkano kama watu walivyokuwa wanasambaza kwenye simu. Na kule Mgeta, Uluguru, Februari 1970 mvua ya masaa machache tu iliangusha maporomoko karibu 1,000, mengi yakitokea kwenye mashamba na majani, msituni machache sana. Nikikumbuka hiyo halafu nikaona mtu anafyeka mlima wote ili kiwanja kionekane kisafi, roho inaniuma.

Ninachotaka ni kwamba kabla mteremko haujakatwa viwanja, mtu anayejua miamba aupande, aweke alama palipowahi kuporomoka, pabaki miti. Sasa hivi tunapima mipaka tu, bikoni nne basi. Na wewe mnunuzi panda mwenyewe, angalia miti iliyopinda shinani, nyufa za ardhi zinazokatiza mteremko, maji yanayochuruzika mahali ambapo jirani zake pakavu, jiwe kubwa lililokaa peke yake bondeni, jiulize lilitoka wapi.

Mimi nilifukia ule msingi. Nyumba nimeisogeza pembeni kabisa kwenye mwamba wenyewe, hela ya mawe na saruji imepotea, na kule kwenye mtuno nimepanda miti, fundi ndiye aliyenionyesha pa kuanzia.