Mshindi tumemjua, kitabu kiko wapi?

Tuzo ya Kiswahili ikitangazwa, wateja huingia dukani na swali moja: mnacho? Mara nyingi hatuna, maana kitabu chenyewe hakijazaliwa. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo ni hivyo hivyo. Mshindi anapigwa picha na hundi pana kuliko mabega yake, wakati muswada ndio kwanza unasubiri mhariri. Bado kupanga kurasa, kusoma prufu, jalada, mashine. Kitabu kikija kutoka, aliyekiulizia ameshasahau jina.

Hata Nobel ilitukuta mikono mitupu. Abdulrazak Gurnah alitangazwa tarehe 7 Oktoba 2021. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise, Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Lakini Nobel haina msimu, joto lake halipoi upesi. Tuzo zetu gumzo lake ni la wiki mbili, tatu.

Kwa maoni yangu orodha fupi itangazwe mapema, miswada ihaririwe, na jina la mshindi lishikiliwe mpaka nakala zitoke kiwandani. Tuzo ya Nyerere hutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Kalenda hiyo haimshtukizi mtu.

Wachapishaji hutuuliza kwa nini tunaagiza nakala tano tano, kama tunaonunua dawa. Haya, tupige hesabu. Kitabu ni shilingi 20,000, duka limepewa punguzo la asilimia 25, nakala moja ni 15,000. Kumi ni 150,000, na nauli ya mzigo kwa basi, tuseme 10,000. Ukiuza nane umerudisha 160,000 yako, basi. Faida yote, 40,000, imekaa kwenye zile mbili za mwisho, na za mwisho ndizo zinazopigwa vumbi.

Ndiyo maana kwa mwandishi mpya dawa ni mali kauli: duka linachukua ishirini, siku ya 90 mnahesabu, zilizouzwa zinalipwa, zilizobaki zinarudi. Ila iandikwe. Hati iwe na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), idadi, bei ya jalada, punguzo, tarehe ya kuhesabu na nani analipa nauli ya kurudisha. Hilo la nauli ndilo linalozaa ugomvi, kwa sababu siku ya kupokea mzigo hakuna anayetaka kulitaja.

Mzigo ukifika, usitie sahihi kabla ya kuperuzi kila nakala. Angalia kurasa zilizorukwa au zilizofungwa kichwa chini, kisha fungua katikati: gundi ikilia, kurasa zitaanza kuchomoka mikononi mwa mteja, naye atakurudia wewe, si kiwanda.

Halafu kuna stika za “Mshindi”. Zinapendeza, sikatai. Lakini gundi yake ikishakaa juani dirishani, ukiibandua inaondoka na ile ngozi ya plastiki ya jalada, na nakala yenye kidonda mchapishaji haipokei. Andika “Mshindi” kwenye kadi, iegemeze kwenye rafu mbele ya kitabu. Kadi inagharimu karibu na bure, na mwakani unaigeuza upande wa pili.