Video za 360 Bagamoyo: Kaole sawa, mnadani tuongee kwanza

Vile vijikamera vyenye macho mawili, moja mbele moja nyuma, vinasimamishwa juu ya fimbo, saivi sio kitu kigeni hapa Bagamoyo na watu wamegawanyika, wapo wanaosema mji unatangazwa na wapo wanaosema tunaanikwa. Mi naona wote wana hoja ila sio kila mahali.

Kwa asiyezijua hizi video za 360, ni video ambayo mtazamaji ndo anaamua aangalie wapi. Kila jicho linachukua nusu duara na zaidi kidogo, alafu programu inaunga zile pande mbili inakuwa kama tufe na wewe uko ndani yake, ukigeuza simu unaona kushoto, ukiinua unaona juu. YouTube walianza kuzipokea Machi 2015 na Facebook wakafuata Septemba ya mwaka uleule, kwahiyo sio mambo ya jana.

Raha yake naiona Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale. Picha ya kawaida inakupa ukuta mmoja au nguzo ya kaburi, basi. Lakini ndani ya ule msikiti wa karne ya 13 kinachokushika ni vile kibla kipo mbele yako, makaburi pembeni, ukigeuka mikoko ile kule upande wa bahari, ndo unaelewa hapa palikuwa na mji wa watu kabisa. Mwanafunzi wa Ujiji, kwao ndo misafara ya pembe na watumwa ilikopita kuja pwani, nauli ya kuja huku ataitoa wapi? Akigeukageuka ndani ya Caravanserai, kile kituo cha zamani cha misafara hapa Bagamoyo, kwenye simu ya mwalimu atakuwa amepata kitu.

Na kuna hili, picha ya kawaida mpigaji anachagua, anakata nguzo ya umeme, anakata nyumba iliyoanguka jirani, unabaki na Boma la Mjerumani la 1897 limesimama peke yake kama hakuna anayeishi hapa. Kamera ya 360 haina nyuma, haina pa kuficha. Inaonesha na sisi.

Sasa hapohapo ndo penye ubaya.

Wa bando nautaja haraka. Video ya 360 ya 4K ina piseli, yaani vile vidoti vya picha, 3840 kwa duara zima, simu inakuonesha kama robo yake, yaani 960 hivi, nyingine ziko kisogoni kwako na mara nyingi umezilipia, ndo maana watu wanalalamika ina ukungu na mpigaji anaapa ni 4K. Na simu nyingi za bei ya chini hazijui kama umezigeuza, unaburuza kwa kidole mpaka unachoka.

Linaloniuma mimi ni la mnadani, pale ufukweni kwenye samaki. Mama anakaanga vibua, joto la mafuta linampiga, kanga imeshateleza kichwani, mkono mmoja uko kwenye karai. Kamera ya kawaida ikimwelekea anaiona, atajifunika, au atasema we kijana usinipige picha. Hii ya fimbo imesimama kule mbali, haijamwelekea mtu, na inamchukua yeye na kila aliyepo, alafu mtu asiyemjua atakuja kumgeukia taratibu na kusimamisha video amkodolee. Mbaya zaidi mwenye kamera huwa anakwenda kujibanza nyuma ya ukuta ili asitokee kwenye video yake, kwahiyo hata wa kumuuliza unapiga nini hayupo! Anajiondoa yeye, mama hajaulizwa.

Wataniambia soko ni hadharani. Sawa, lakini hadharani ya watu wanaoonana, ukinitazama nakutazama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022 ila mambo ya pale yanamalizwa kwa mdomo, hakuna atakayemfungulia mtu kesi kwa ajili ya vibua.

Kwahiyo wanaotaka zipigwe marufuku siungani nao, Kaole na magofu mengine wapige tu, wasubiri waliokuja kuomba dua makaburini wamalize. Mnadani mtu aanze kwa dalali, itangazwe kwa sauti kwamba kamera inaona pande zote, anayetaka kujifunika ajifunike, anayetaka kusogea asogee. Na mwenye kamera asimame palepale kwenye fimbo yake, atokee kwenye video kama wengine.