Nani Alisema Akiba ya Akili Hupatikana Darasani Tu?

Mwaka 1988 Robert Katzman na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa bongo za wazee 137 waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunzia wazee kabla ya kufariki. Wengi wao walikuwa na demensia, yaani hali ya kusahau na kudhoofika kwa akili inayoletwa na maradhi ya ubongo. Kumi wakawa kitendawili: bongo zao zilikuwa na mabaki ya protini yanayotambulisha ugonjwa wa Alzheimer, lakini walipopimwa wangali hai walikuwa timamu kuliko wenzao wengi. Bongo hizo pia zilikuwa nzito zaidi.

Ndipo ikapata nguvu hoja ya akiba ya akili, ambayo Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia ameijenga kwa miaka mingi. Ugonjwa unaweza kuingia kwa yeyote, lakini ubongo uliozoeshwa kazi hutafuta njia nyingine ya kufikia jibu lile lile, na dalili zikachelewa kujitokeza. Mwaka 1994 Stern alionyesha kwamba, kati ya wazee 593 wa New York ambao mwanzoni hawakuwa na demensia, wenye elimu ndogo waliipata kwa kiwango cha takriban mara mbili ya waliosoma zaidi.

Hoja hiyo imetufikia ikiwa imekatwa mguu: msomi hasahau. Si kweli. Akiba inachelewesha dalili, haiufukuzi ugonjwa, na Stern huyo huyo aligundua kuwa waliosoma sana, dalili zikishaanza, huporomoka haraka zaidi. Kufikia hapo ubongo umeshaharibika mno, ulikuwa unajistiri tu. Ndiyo maana mwalimu mstaafu aliyekuwa akikumbuka hesabu zote za chama cha ushirika huonekana kama kaanguka kwa siku moja, na majirani wakaanza kumtafuta mchawi.

Wenye mashaka wana hoja nzito. Huko Aberdeen, Scotland, watafiti walifuatilia watu 498 waliozaliwa mwaka 1936, ambao walikuwa wamepimwa akili wakiwa na miaka 11. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, waliopenda kazi za kufikirisha waliingia uzeeni na uwezo mkubwa zaidi, lakini mwendo wao wa kupungua haukuwa wa polepole kuliko wa wengine. Ni kama watu wawili wanaoshuka mlima kwa kasi moja, mmoja kaanzia kilele na mwingine kaanzia katikati. Utafiti mwingine, wa watumishi wa serikali wa Uingereza, ulikuta kuwa shughuli za burudani walizofanya watu wakiwa na umri wa miaka hamsini na kitu hazikutabiri nani angepata demensia miaka 18 baadaye. Kilichoonekana ni kwamba ugonjwa unapokaribia, mtu huziacha shughuli zake. Kwa hiyo mzee tunayemsifu kuwa kabaki timamu kwa kucheza bao, pengine anacheza bao kwa sababu bado ni timamu.

Hayo nayakubali. Ila wanaoyasema hupita haraka mno kwa yule aliyeanzia kileleni, kana kwamba kuchelewa kufika chini si kitu. Baada ya miaka 65, uwezekano wa kupata demensia huongezeka karibu maradufu kila miaka mitano. Sogeza mwanzo wa dalili mbele kwa miaka mitano, na karibu nusu ya wagonjwa wa leo wangekuwa bado hawajaugua. Wengi wangefariki kwa uzee au maradhi mengine wakiwa bado wanawatambua wajukuu wao. Hakuna dawa iliyopo sasa inayotoa hivyo.

Na miaka hiyo haitoki darasani peke yake. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake walichapisha rekodi za wagonjwa 648 wa demensia kutoka Hyderabad, India, mji ambao Kitelugu, Kiurdu, Kihindi na Kiingereza hukutana mtaa mmoja. Waliozungumza lugha mbili au zaidi walianza kuugua wakiwa wamechelewa kwa miaka 4.5 kuliko wa lugha moja. Utafiti wa Toronto wa mwaka 2007 ulikuwa umeona tofauti ya kiasi hicho hicho, ukapingwa kwa kuwa wengi wa wenye lugha mbili walikuwa wahamiaji, na mhamiaji ana mengi yanayomtofautisha na mwenyeji. Hyderabad pingamizi hilo halina pa kushika, kwani hao ni wenyeji wa pale pale. Tena tofauti ilionekana hata kwa wasiojua kusoma wala kuandika. Mtu ambaye hakukanyaga shule, ila kutwa nzima anachagua lugha ya kumjibu huyu na ya kumjibu yule, naye alikuwa ameweka akiba.

Hapa pia kuna tahadhari. Tafiti zinazowafuatilia watu kabla hawajaugua, badala ya kuwahesabu waliokwisha kufika kliniki, kwa kiasi kikubwa hazijaiona faida hiyo ya lugha. Na Hyderabad yenyewe haikuona nyongeza kwa lugha ya tatu. Kwetu, ambako mtu wa lugha moja ni wa kutafuta kwa tochi, si rahisi hata kumpata wa kulinganishwa naye.

Kinachonifanya bado niamini kuwa akiba haitoki darasani tu ni vipimo vyenyewe. Kipimo kilichoenea duniani humtaka mtu atoe saba kutoka mia moja mfululizo, aandike sentensi na anakili mchoro wa pembetano. Mpe bibi wa Machame ambaye hajawahi kushika kalamu, na utakachopima ni shule. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako walikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea, waliliona tatizo hilo wakatengeneza kipimo kingine: daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, taja wanyama, panga njiti za kiberiti kama nilivyozipanga. Sehemu ya ile nguvu tunayoipa elimu ni kosa la rula. Najua hoja hii inapunguza pia takwimu za Stern nilizozitaja juu, na zipungue.

Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yanayobeba takriban asilimia 45 ya demensia duniani. Elimu ndogo ilipewa asilimia 5, kutosikia vizuri asilimia 7, upweke asilimia 5. Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani, na baraza ndilo darasa alilobakiwa nalo. Jaribio la Marekani la mwaka 2023 halikuona faida ya visaidizi vya kusikia kwa washiriki wote kwa jumla, lakini kwa waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa karibu nusu ndani ya miaka mitatu. Hiyo inanishawishi kuliko michezo ya simu. Kampuni ya Lumosity ilikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 2 kwa kutangaza bila ushahidi wa kutosha kuwa michezo yake huzuia kusahau.

Daktari anayempokea mzee leo huandika kwenye faili miaka aliyosoma. Aongeze mistari mitatu: anazungumza lugha zipi, amefanya kazi gani maishani, na anasikia vizuri?