Kipande cha Nusu Dakika na Gharama ya Kuomba Ruhusa

Kila mjadala wa hakimiliki ya filamu unapozuka hapa nchini, lawama huelekezwa kwa wezi wa kazi za sanaa: wanaopandisha filamu nzima mtandaoni bila idhini, na wanaojaza flashi za wateja kwenye vibanda vya mitaani. Lawama hizo ni za haki. Pembeni ya mjadala huo, hata hivyo, kuna biashara nyingine inayodumaa bila mtu kuilalamikia, nayo ni ya kuuza haki ya kutumia vipande vya filamu kwa wale wanaotaka kuvitumia kihalali, kama mtayarishaji wa makala ya televisheni anayehitaji sekunde 30 za filamu ya zamani, taasisi inayotengeneza video ya mafunzo, au chaneli ya mtandaoni inayochambua filamu. Kwa maoni yangu, kinachoidumaza biashara hii kuliko hata wizi ni gharama ya kuomba ruhusa, ambayo mara nyingi huzidi thamani ya kipande chenyewe.

Naandika nikiwa Dodoma, na huenda hapa jambo hili linaonekana wazi kuliko kwingine. Tangu wizara zihamie huku na Mji wa Serikali kujengwa Mtumba, mahitaji ya video yameongezeka: mafunzo ya watumishi, makongamano, filamu fupi za uhamasishaji wa afya na kilimo. Vijana wengi waliomaliza UDOM na vyuo vingine wanapata riziki kwa kupiga picha na kuhariri kazi za aina hiyo. Mteja wao ana sifa moja ambayo mtazamaji wa kawaida hana, nayo ni kwamba anataka karatasi. Hawezi kulipia kitu kisicho na mkataba wala risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa sababu mkaguzi akija atauliza. Kwa maneno mengine, tunaye mnunuzi ambaye yuko tayari kulipa na ambaye anaogopa kuiba, jambo ambalo ni adimu katika soko letu la sanaa, na bado tunashindwa kumuuzia.

Ugumu unaanzia ndani ya kipande chenyewe. Tuchukue tukio la nusu dakika ambamo mume na mke wanagombana ndani ya baa huku spika ikipiga wimbo wa Bongo Fleva. Filamu ina mmiliki wake. Wimbo una mtunzi, na rekodi ya wimbo huo inaweza kuwa mali ya studio au ya mtu aliyeigharamia, ambaye si lazima awe mtunzi. Ruhusa iliyotolewa ili wimbo uingie kwenye filamu, kama ilitolewa, ilihusu filamu hiyo tu. Haimfuati mtu anayekikata kipande na kukipeleka kwenye kazi nyingine. Waigizaji nao wana sura zao, na mwigizaji aliyekubali kucheza tamthilia ya mapenzi hakukubali kwa kitendo hicho kuonekana kwenye tangazo la mikopo. Nchini Marekani mikataba ya vyama vya waigizaji inataka mwigizaji anayetambulika aombwe ridhaa na alipwe upya kipande chake kinapotumiwa katika kazi nyingine. Hapa kwetu suala hilo mara nyingi huachwa kwenye ukarimu wa mtu.

Mhariri anaweza kusema kwamba ataondoa wimbo na kubakiza maneno. Angeweza, kama sauti zingekuwa zimehifadhiwa kila moja peke yake. Katika filamu nyingi za miaka ya DVD, maneno, muziki na kelele za baa vilichanganywa kuwa mkondo mmoja, na mafaili ya mradi yakafutwa ili kupata nafasi kwenye diski kwa ajili ya filamu inayofuata. Ukiondoa wimbo, ugomvi nao unaondoka, na hapo thamani ya kipande imekwisha kabla hata ya mazungumzo ya bei.

Nimeyaona haya kwa karibu. Mteja mmoja alihitaji tukio la kugombea mirathi kutoka kwenye filamu ya Kiswahili iliyotoka enzi za DVD, kwa ajili ya video ya kuelimisha watu kuhusu kuandika wosia. Mtayarishaji wa filamu hiyo, anayeishi Dar es Salaam, alipokea simu kwa uchangamfu mkubwa. “Chukua tu, mdogo wangu,” aliniambia, “hiyo filamu ni yangu, jina langu si liko pale mwanzoni?” Nilimshukuru, nikamwomba anitumie mkataba aliousaini na msambazaji wake. Ilikuja picha ya WhatsApp ya karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ikiwa na muhuri wa duka, kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa peni, sahihi mbili, na sentensi iliyosema kwamba muuzaji ameuza masta, yaani nakala mama, pamoja na haki zote za filamu. Hapakuwa na muda wa mkataba, wala neno intaneti, wala neno lolote kuhusu vipande. Duka lenyewe lilikuwa limefungwa zamani. Kwa karatasi hiyo, mtayarishaji huyo alikuwa ananiruhusu kutumia kitu ambacho huenda alishakiuza chote, na aliyekinunua hapatikani. Mwanasheria wa mteja alikataa, na alikuwa sahihi kabisa. Tukaigiza upya tukio lenyewe kwa kutumia wasanii wa hapa hapa Dodoma, kwa gharama kubwa kuliko ile ambayo mteja angemlipa mwenye filamu, ambaye mwishowe hakupata hata shilingi.

Habari hii si ya mtu mmoja. Uuzaji wa masta kwa mkupuo ndio uliokuwa utaratibu wa kawaida wa filamu zetu kwa miaka mingi, na watayarishaji wengi waliukubali kwa sababu fedha taslimu leo zilikuwa na uhakika kuliko mrabaha wa kesho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda filamu kwa miaka 50, maana yake ni kwamba filamu iliyotoka mwaka 2008 bado itakuwa na mwenyewe mwaka 2055. Swali ni nani. Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, na vipande vya filamu zake vingali vinazunguka kwenye simu za watu wengi. Anayetaka kimoja kihalali hana budi kufuatilia filamu kwa filamu, kwa sababu umaarufu wa mwigizaji hautoi jibu la nani anashika haki.

Hata pale mwenyewe anapojulikana, hesabu hukataa. Tuseme kipande kinastahili shilingi 50,000, bei ambayo naiona ya kawaida kwa chaneli ndogo. Mwenye haki anataka kuonana ana kwa ana kabla ya kusaini, kwani aliwahi kudhulumiwa. Treni ya SGR ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi tu imeshazidi bei ya bidhaa, na hujala, hujalala, hujamlipa wakili wa kupitia mkataba. Ndiyo maana mhariri mwenye akili timamu huchagua moja kati ya njia mbili, kuiba au kuacha.

Wenzetu walioendelea kiviwanda hawajaukwepa ugumu huu; wameuhamisha tu. Movieclips ilianza mwaka 2009 nchini Marekani ikiwa na makubaliano na studio kubwa za Hollywood, ili vipande vifupi vya filamu zao vipatikane kihalali mtandaoni kwa mpangilio wa kutafutika. Wazo lilikuwa zuri, na vipande vilipata watazamaji wengi, hasa baada ya huduma hiyo kujikita kwenye YouTube. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Fandango, kampuni ya kuuza tiketi za sinema. Ninavyoisoma mimi historia hiyo, kipande kilipata faida ya kudumu pale kilipokuwa chambo cha kumvuta mtazamaji kwenye sinema, na wala si pale kilipouzwa kama bidhaa inayojitegemea. Ikiwa hali ni hiyo kwa watu wenye studio chache kubwa zenye idara za sheria na kumbukumbu kamili, sisi wenye mamia ya watayarishaji wadogo na karatasi zilizokunjwa tusitarajie miujiza.

Muda wa leseni nao huleta madhara yake. Mfululizo wa makala uitwao Eyes on the Prize, unaohusu harakati za haki za watu weusi Marekani, ulioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Ulijaa picha za kumbukumbu na nyimbo zilizokodiwa kwa muda maalumu. Leseni hizo zilipokwisha, mfululizo huo ulitoweka kwenye televisheni kwa miaka mingi, hadi fedha zilipopatikana za kulipia upya na ukarudi hewani mwaka 2006. Huwa nawakumbusha vijana wanaosaini leseni ya mwaka mmoja kwa sababu ni rahisi: video ya mtandaoni haina tarehe ya kushushwa, leseni inayo.

YouTube, kwa upande wake, ilianzisha mwaka 2007 mfumo wa Content ID, unaolinganisha video inayopandishwa na kazi zilizosajiliwa na wamiliki. Mwenye haki anaweza kuizuia video hiyo, kuifuatilia tu, au kuchukua mapato ya matangazo yake. Wapo wanaodai kwamba mfumo huo umemaliza kazi ya leseni, kwa kuwa anayetumia anatumia na mwenye mali analipwa. Mimi sikubaliani nao. Mfumo huo haumpi mtumiaji karatasi anayoweza kumwonesha mkaguzi. Unafanya kazi ndani ya jukwaa moja tu, wala haufiki kwenye ukumbi wa mikutano au darasani. Isitoshe, haukufunguliwa kwa kila mtu. Mtayarishaji mdogo hulazimika kupitia kampuni ya kati inayokata asilimia yake. Na kwa sababu mashine husikiliza na kutazama bila kusoma mikataba, nimeshuhudia mtayarishaji akiwekewa dai la hakimiliki juu ya filamu yake mwenyewe, kisa wimbo wa sekunde chache.

Kuna dhana potofu ambazo nazipitia haraka. Sekunde saba au kumi za bure hazimo katika sheria yetu. Kilichomo ni ruhusa ya kunukuu kwa kiasi kinachoendana na lengo, huku chanzo kikitajwa, na hiyo humsaidia mhakiki kuliko anayetafuta kionjo cha kupamba tangazo. Leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ya kuendesha televisheni ya mtandaoni nayo haimpi mtu haki ya kuonesha filamu ya mwenzake, ingawa nimeshaoneshwa leseni hiyo kama utetezi.

Ninachopendelea ni bei iliyobandikwa. Mtayarishaji anayeanza filamu leo akusanye siku ya kwanza ya upigaji picha sahihi za waigizaji na wenye nyimbo, zikitaja wazi matumizi ya vipande, ahifadhi sauti zikiwa zimetenganishwa, kisha atangaze viwango: kiasi fulani kwa chaneli ndogo, kiasi kingine kwa taasisi, kingine kwa tangazo la biashara, kwa miaka mitano, bila mazungumzo. Atapoteza fedha kidogo kwa mnunuzi mmoja ambaye angeweza kulipa zaidi. Atapata wanunuzi wengi ambao leo hawathubutu hata kupiga simu, na malipo yanaweza kupita kwenye simu na mkataba ukasainiwa bila mtu kupanda treni.

Filamu za nyuma ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa kuwa karatasi zake haziwezi kuandikwa upya. Hapo naona serikali ina nafasi. Uingereza tangu mwaka 2014 ina utaratibu ambao mtu aliyemtafuta mwenye kazi kwa bidii na kumkosa huomba leseni kwenye ofisi ya serikali ya hakimiliki. Hulipa ada, leseni huwa si ya kipekee na haizidi miaka saba, na ada huwekwa akiba kwa ajili ya mwenyewe akijitokeza. Kanada nayo ina bodi inayotoa kibali cha namna hiyo. COSOTA, taasisi yetu ya serikali ya hakimiliki, ambayo tayari inasajili kazi na kupokea migogoro yake, ingeweza kupewa jukumu hilo, kwa sharti kwamba kutafuta kwa bidii kuelezwe kwa vitendo: tangazo gazetini, tangazo redioni, barua kwa Bodi ya Filamu kuuliza nani aliwasilisha filamu hiyo kukaguliwa. Wapo watakaosema kwamba matapeli watadai kumtafuta mtu anayeishi mtaa wa pili. Ndiyo, watakuwepo, na kwa hiyo ningeanza na matumizi ya elimu na makala peke yake, matangazo ya biashara yasubiri hadi tuone utaratibu unavyokwenda.