Drilling inamfaa mwindaji wa peke yake

Mwindaji wa Ujerumani au Austria anapoingia msituni alfajiri hajui siku itamletea nini. Fezanti anaweza kuruka kutoka kwenye nyasi, mbweha akakatiza njia, na jua linapozama nguruwe mwitu akajitokeza ukingoni mwa shamba la mahindi. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani, kifungu cha 19, inakataza kumpiga mnyama mwenye kwato kwa marisau, yaani punje ndogo zinazotoka nyingi kwa mlio mmoja. Paa mdogo wa huko, Reh, lazima apigwe kwa risasi yenye nguvu isiyopungua jouli 1,000 kwenye umbali wa mita 100. Nguruwe mwitu na wanyama wengine wa kwato wanataka kaliba (kipenyo cha risasi) isiyopungua milimita 6.5 na jouli 2,000. Mtu wa bunduki moja, akibeba shotigani, yaani bunduki ya marisau, nguruwe atampita hivi hivi. Akibeba bunduki ya risasi, fezanti si wake.

Drilling ilibuniwa kwa ajili ya mtu huyo. Ni bunduki ya kukunja yenye mitutu mitatu: kwa kawaida miwili ya marisau inalala ubavu kwa ubavu juu, na mmoja wa risasi uko chini yake. Miji ya Suhl, Ujerumani, na Ferlach, Austria, imeitengeneza kwa vizazi. Uzito wake huwa kilo 3 na kitu, karibu sawa na bunduki ya kawaida. Kwa mwindaji anayetembea peke yake na mbwa wake, kwenye eneo lenye wanyama wa kila aina, naamini hakuna silaha inayoishinda. Ila anayeinunua kwa hesabu ya kupata bunduki tatu kwa bei ya moja ataishia kuilaumu, kwa sababu drilling ina tabia zake na haibembelezi asiyezijua.

Tabia ya kwanza inahusu vidole. Kwenye drilling nyingi za mtindo wa zamani, kitelezi kilicho juu ya shingo ya kitako, pale kidole gumba kinapokaa, hakihusiani na usalama. Kazi yake ni kuchagua mtutu. Kikiwa nyuma, kifyatulio cha mbele kinafyatua mtutu wa kulia wa marisau. Ukikisukuma mbele, kifyatulio hicho hicho kinafyatua risasi, na kilengeo cha nyuma kinainuka chenyewe juu ya mitutu. Kifyatulio cha nyuma kinabaki na mtutu wa kushoto wa marisau siku zote. Kufuli ya usalama iko kwingine, ubavuni kushoto mwa kitako.

Sasa mfikirie mtu aliyezoea shotigani ya kawaida, ambayo usalama wake uko juu ya shingo. Ndege anaruka, kidole gumba kinasukuma mbele kwa mazoea, naye anavuta kifyatulio cha mbele. Kilichotoka ni risasi, na imeelekea angani. Wajerumani hufundishwa kanuni nyepesi: kipenyo cha punje ya marisau kwa milimita, zidisha kwa 100, unapata mita za hatari. Punje za milimita 3.5 ni hatari hadi mita 350 hivi. Risasi ya bunduki kubwa inaweza kufika kilomita 5. Kosa la kidole kimoja linaweza kumuua mtu wa kijiji cha pili ambaye hata mlio hakuusikia. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi ya nyumbani kwa risasi bandia za kufundishia, bunduki ikiwa imekaguliwa kuwa tupu: inua, chagua, fyatua, rudisha kitelezi nyuma, mpaka mkono ujue bila kuulizwa. Napendelea zaidi miundo ambayo mtutu wa risasi una kitelezi chake cha kutegea, kama watengenezaji bunduki Krieghoff wanavyofanya. Hapo risasi haitoki mpaka uitegee kwa makusudi.

Drilling nyingi pia zina Stecher, mtego wa kulainisha kifyatulio. Ukisukuma kifyatulio cha mbele kuelekea mbele, kinakuwa chepesi kiasi kwamba mguso tu unakifyatua. Kitege ukiwa umeshalenga, si kabla. Mnyama akiondoka, funga usalama, kunja bunduki, toa risasi, ndipo uondoe mtego. Usipige hatua hata moja kikiwa kimetegwa.

Tabia ya pili ni joto, na hapa ndipo wengi hudai bunduki yao ni mbovu. Mitutu mitatu imeunganishwa kwa lehemu kwa urefu wake wote. Ukipiga risasi, mtutu wa chini unapata moto na kurefuka, lakini ile ya juu ni ya baridi na inaushikilia. Chuma kinajipinda kuelekea juu. Risasi ya pili inapanda, ya tatu inapanda zaidi. Mtu akipiga risasi tano mfululizo kwenye karatasi, akarekebisha darubini kwa wastani wake, amelenga bunduki ya moto, ilhali mnyama atapigwa kwa bunduki ya baridi. Piga moja, fungua, subiri robo saa au mpaka mitutu iwe baridi mkononi, ndipo upige nyingine. Tatu za namna hiyo zinakwambia ukweli. Kawaida darubini huwekwa ili risasi ipige sentimita 4 juu ya shabaha kwenye mita 100. Wanaotaka kupiga mfululizo, kwa mfano kwenye msako wa nguruwe, wachukue bunduki nyingine.

Kwenye soko la mitumba kuna drilling nzuri, lakini soma mihuri ya ukaguzi chini ya mitutu kabla ya kutoa pesa. Nyingi za zamani ni geji 16 (kipimo cha upana wa mtutu wa marisau) zenye chemba, yaani sehemu ya kuwekea ganda, ya milimita 65. Ganda la milimita 70 linaingia, lakini likifunguka halina nafasi, na shinikizo linapanda. Kwenye mtutu wa risasi, aina mbili za risasi, 8x57 IR na 8x57 IRS, zinafanana sana, ila ya pili risasi yake ni nene zaidi, na haifai kabisa kupita kwenye mtutu wa ile ya kwanza. Ukiona shaka, mpe fundi apime mtutu wenyewe. Kisha ifunge bila risasi, ondoa kipande cha mbao cha mbele, uitikise. Ikicheza kwenye bawaba, iache.

Marisau ya chuma ni suala zito. Tangu 15 Februari 2023 Umoja wa Ulaya unakataza marisau ya ledi (madini ya risasi) kwenye ardhi oevu na mita 100 kuzizunguka, na mtutu wa kushoto wa drilling ya zamani huwa umebanwa sana mdomoni. Chuma hakibonyei kama ledi, kinaweza kuuvimbisha mtutu. Kwa bata, tumia marisau ya bismuthi, metali laini kuliko chuma, au nenda na shotigani ya kisasa.