Haki ya Mlaji Haikai Kwenye Risiti

Mwezi uliopita, kwenye ubarikio wa mpwa wangu kule Tandika, nilikunywa soda iliyonunuliwa na shemeji, na nilipofika nusu ya chupa kigae chembamba cha kioo kikanikata ulimi. Dada alipokwenda dukani kulalamika, muuzaji alimpa pole, kisha akamwuliza risiti. Haikuwepo. “Basi, dada, hapo hakuna kesi,” akasema, nasi tukakubali kana kwamba hukumu imekwisha kusomwa.

Imani hiyo, niliyoisikia Kariakoo na Mbagala vilevile, si sahihi, na inawapa wazalishaji wazembe usingizi mnono wasioustahili.

Kesi iliyoweka msingi wa jambo hili ilifunguliwa na mtu ambaye hakununua chochote. Agosti 1928, mjini Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi katika chupa isiyoonyesha kilichomo. Alidai kwamba baada ya kunywa kiasi, konokono aliyeoza alitoka pamoja na kinywaji kilichobaki, naye akaugua. Kwa kuwa hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, alimshtaki mtengenezaji, David Stevenson. Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba anayepeleka sokoni bidhaa iliyofungwa, isiyoweza kukaguliwa njiani, ana wajibu wa uangalifu kwa yule atakayeitumia. Lord Atkin, mmoja wa majaji hao, alimwita mtumiaji huyo jirani. Kwetu jirani ni yule tunayeazimana naye chumvi. Jirani wa kisheria ni yeyote uliyepaswa kumfikiria kwamba kitendo chako kinaweza kumdhuru, hata kama hutamwona maisha yako yote.

Sheria yetu ya madhara hapa Tanzania, yaani ile inayompa fidia aliyeumizwa na kosa la mwingine, imetokana na hiyo ya Uingereza, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji. Risiti tuidai, kwa kuwa inathibitisha mahali na siku ya ununuzi, lakini si yenyewe inayozaa haki. Mzigo mkubwa ni ushahidi, kwani mdai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba uzembe ulikuwepo na kwamba ndio uliomdhuru. Hapo ndipo tulipokosea. Chupa, kizibo chake, kile kigae na cheti cha daktari ndivyo tulivyopaswa kuvihifadhi, na sheria ingetupa miaka 3 ya kufungua madai. Jioni ileile tulirudisha kreti dukani, na chupa ile ikiwa ndani yake.