Tope la Viwandani Lifukiwe Shimoni, Lisirundikwe Juu

Chukua kiganja cha majivu laini ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, yamwage kwenye glasi ya maji, koroga. Unapata uji wa kijivu. Acha kukoroga na mengi yanazama, huku juu pakibaki utando wa vipunje vinavyoelea kwa kuwa ndani vina uwazi. Kazi ya kusukuma taka za viwandani kwa bomba, zikiwa zimechanganywa na maji, imo humo kwenye glasi. Mwendo ukiwa mdogo, tope linatuama na bomba linaziba. Ukizidi, punje zinalisugua kama msasa. Kona huliwa mapema, na ubavu wa chini pia, ndiyo maana mafundi hulizungusha bomba kila baada ya muda ili lichakae pande zote. (Chuma nacho kina zamu.)

Bomba lenyewe sina ugomvi nalo. Linatupunguzia malori na vumbi. Ninachouliza ni linamwaga wapi.

Kule Peterborough, Uingereza, viwanda vya matofali vilichimba udongo vikaacha mashimo makubwa. Kuanzia miaka ya 1960, majivu ya mitambo ya umeme ya bonde la mto Trent yaliletwa kwa treni, yakachanganywa na maji, yakasukumwa hadi mashimoni. Yakatuama, maji yakaondolewa, juu ukatandazwa udongo. Hiyo naikubali kuwa ni kurudisha ardhi, maana kulikuwa na ardhi iliyopotea.

Kingston, Tennessee, Marekani, ilikuwa kinyume. Majivu yenye maji yalirundikwa juu ya usawa wa ardhi, yakazuiwa na matuta. Usiku wa kuamkia 22 Desemba 2008 tuta likaachia, na mita za ujazo zaidi ya milioni 4 zikamiminika mtoni na kwenye makazi ya watu. Miaka miwili baadaye, 4 Oktoba 2010, bwawa la tope jekundu, yaani taka za kiwanda cha alumina (unga unaotengenezewa aluminiamu), karibu na Ajka, Hungaria, lilibomoka. Tope lile huunguza ngozi. Watu 10 walikufa.

Shimo halina ukuta wa kubomoka, ila huvuja kimyakimya. Majivu yana aseniki, seleniamu na boroni, kemikali ambazo zikizidi ni sumu, na maji yakipita humo huzibeba kwenda chini. Peterborough walibahatika: shimo lao ni la udongo wa mfinyanzi, unaopitisha maji kwa shida. Shimo la changarawe likifukiwa hivyohivyo bila kutandikwa chini kitu cha kuzuia maji ni sawa na kumwaga taka kisimani, na mradi wa namna hiyo nitaupinga hata ramani yake ikipakwa kijani chote.

Mimea nayo haidanganyiki. Udongo wa juu ukiwa mwembamba, mizizi inayafikia majivu, na ncha za majani zinaanza kuungua. Hiyo ni boroni.